Alhamisi za Mzee Ondieki

Siku ya kuniaga, usharika ulinipa blanketi zito, saa ya ukutani na dakika tano za kuzungumza. Blanketi nalitumia, maana baridi ya Eldoret haijali kama umestaafu. Saa nimeitundika sebuleni, na sasa najua kwamba saa ya ukutani katika nyumba ya mtu mmoja hupiga kelele kuliko inavyotakiwa. Zile dakika tano ziliishia kwenye kushukuru watu mmoja mmoja, na yale niliyotaka kuwaambia nyinyi mnaoanza kazi ya uinjilisti nilirudi nayo nyumbani. Ndiyo haya.

Kwetu kuna kanuni ambayo haijaandikwa popote: mwinjilisti akistaafu, hukaa mbali na usharika wake mwaka mzima ili anayemfuata apate kusikilizwa. Ni kanuni nzuri. Niliitetea kwa nguvu wakati ilikuwa ikiwahusu wengine. Jumapili yangu ya kwanza baada ya kustaafu nilisali kwenye kanisa letu lingine ng'ambo ya mji, na wakati wa matangazo mzee wa zamu akaomba wageni wasimame. Nilisimama, nikataja jina, wakanipigia makofi matatu. Kwa miaka ishirini na sita nimewapigia wageni makofi hayo hayo, na sikuwahi kujua yanavyosikika ukiwa upande wa kupigiwa.

Nilianza kazi Jumatatu moja ya mvua. Mimi na mume wangu tulikuwa tumetoka upande wa ziwa kwa sababu ya kazi yake, na nilikuwa nimefundisha shule ya Jumapili miaka michache, basi wazee wa kanisa wakaona ninafaa. Aliyenipokea ofisini ni Mwinjilisti Zakayo, mtu mfupi, mkavu, aliyekuwa akistaafu mwezi huo. Alinipa funguo, daftari la washarika na mkoba wa Meza. Sikuulizwa kama nina swali.

Mkoba wa Meza ya Bwana ndio unaobebwa kwenda kwa wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani. Ndani yake kulikuwa na vikombe sita vya kioo, vidogo kama vya kupimia dawa ya kikohozi, kopo la bati la ile mikate myembamba, chupa ya divai iliyofungwa kwa kitambaa isivuje, na kitambaa cheupe cha kutandika juu ya stuli au sanduku, chochote kilichopo. "Mchungaji anabariki," Zakayo aliniambia. "Wewe unabeba, unatandika, halafu unaosha. Siku ukianza kujiona mkubwa, osha vikombe mara mbili."

Wiki hiyo alinizungusha nyumba kwa nyumba, akinisahihisha mbele ya watu bila aibu. Alinifundisha kutoketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kwa sababu mgonjwa atajua unataka kuondoka. Alinifundisha kumeza chai ya kila nyumba hata kama ni ya tisa, na kutomwambia mgonjwa kwamba amenona. Kwa nyumba ya mama mmoja aliyefiwa, tulikaa saa nzima bila mtu kusema neno, nami nikaanza kutafuta mstari wa kusoma. Zakayo alinishika mkono uliokuwa ukifungua Biblia, akaurudisha pajani mwangu kama anavyofanyiwa mtoto. Tulipotoka alisema tu, "Haikuwa inahitajika."

Kanisa letu liko ukingoni mwa Langas, pale ambapo mabati ya vyumba vya kupanga yanakutana na nyumba zenye ua na bustani ya sukuma. Washarika wetu ni mchanganyiko: waliotoka ziwani na Kisii kutafuta kazi, wenye maduka waliotoka upande wa kati, walimu, mafundi, na wachache wa hapa hapa. Baadaye tuliweka vipaza sauti viwili juu ya paa. Majirani wa madhehebu mengine walilalamika, nao walikuwa na haki, lakini wao pia walikuwa na vyao na vilikuwa vikubwa zaidi. Kila Jumapili, kabla ya sala ya usharika, ilikuwa kazi yangu kusoma majina ya wagonjwa. Nina sauti inayofika mbali. Mume wangu alikuwa akisema mimi sihitaji umeme.

Mume wangu alifariki nikiwa na miaka kumi na minane kazini. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda zao, mmoja Nairobi na mwingine Mombasa. Nawaambia hili kwa sababu baada ya hapo watu walianza kunisifu kwa bidii, na mimi nikaikubali sifa hiyo. Nilikuwa wa kwanza kufika ofisini na wa mwisho kutoka. Ukweli ni kwamba sikutaka kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Bidii ya namna hiyo ina hatari yake: unatembelea watu wengi sana, na hakuna hata mmoja unayemwona.

Ndivyo ilivyotokea kwa Mzee Ondieki.

Alikuwa mzee mjane kutoka Kisii, aliyestaafu kwenye kiwanda cha nguo, fundi wa mashine. Aliketi benchi la tatu upande wa dirisha, na benchi lolote kanisani likilegea, Jumatatu ungelikuta limekazwa na hakuna aliyekwambia ni nani. Hakuwa mtu wa kamati. Watoto hakujaliwa. Kisha nikaona benchi la tatu halina mtu Jumapili mbili, tatu, nne. Simu yake ilikuwa haipatikani. Alhamisi moja, katika mzunguko wangu, nikapita kwake.

Alifungua mwanamke nisiyemjua, amembeba mtoto. Nyuma yake niliona sofa ambayo haikuwa ya Mzee.

"Namtafuta Mzee Ondieki."

"Yule mzee alihama," akasema. "Sisi tumeingia mwezi uliopita."

Nikasema asante. Kulikuwa na manyunyu, na nilikuwa na nyumba nyingine sita. Sikuuliza alihamia wapi. Mngetegemea niseme nilisahau, lakini sikusahau. Swali lilinijia, nikaliacha lipite, na nitawaambia pia nilichohisi nikitembea kuelekea nyumba ya pili: nafuu. Mmoja amepungua. Nilidhani amerudi Kisii kama wazee wengi wanavyorudi. Jioni hiyo kwenye daftari, ile nafasi ndogo ya mwisho wa mstari wake, niliandika "amehama". Na ukishaandikwa hivyo kwetu, hutembelewi, hupigiwi simu, wala jina lako halisomwi kwa wagonjwa. Kila robo mwaka tunatangaza majina ya waliohama na kuwaombea heri. Nikalitangaza lake pamoja na mengine manne, kwa sauti yangu hiyo isiyohitaji umeme.

Ilipita miezi kumi. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya posho mill na debe langu la mahindi, namuuliza mwenye mashine kama leo atasaga laini au atatupa kokoto kama wiki jana. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akageuka.

"Samahani, Mama. Ni wewe unasomanga majina ya wagonjwa huko kwa Walutheri?"

"Ni mimi."

"Nimekujua kwa sauti. Sisi hukusikia kila Jumapili. Mjomba wangu hunyamazisha hata redio."

Nilifurahi, nikauliza mjomba wake ni nani, nikitegemea kumkaribisha kanisani.

"Ni Mzee Ondieki."

"Si alihama?"

"Alihama, akakuja kwangu. Hapo tu nyuma ya kanisa, plot ya geti ya blue. Stroke ilimshika, hangeweza kukaa peke yake." Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani hamkujua?"

Aliitwa Nyaboke, binti wa dada yake Mzee. Alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine kwenye kibanda mjini, na yeye husali Jumamosi, wa Sabato. Niliacha debe langu pale pale, nikamfuata. Tulipita ukuta wa nyuma wa kanisa, tukavuka njia ya maji, tukafika. Kutoka mlangoni mwake niliona vipaza sauti vyetu vyote viwili juu ya paa.

Mzee alikuwa amelala kitandani, upande wa kulia haufanyi kazi, uso umevutwa kidogo. Alikuwa amekonda. Maneno yalimtoka polepole, lakini yalikuwa yamekamilika.

"Mwinjilisti," akasema. "Karibu. Nilisikia mkinitakia heri huko nilikohama."

Nilivuta stuli, nikaketi karibu na kichwa chake.

"Nilisema amina," akaongeza.

Niliuliza kwa nini hakutuma mtu, na hilo pia ni swali ambalo ningeliacha lipite kama ningekuwa na akili. Nyaboke alijibu kutoka jikoni kwamba alitaka kuja mara nyingi, mjomba akamkataza.

"Nilitaka kuona mtagundua lini," Mzee akasema. "Mwezi wa kwanza, wa pili. Halafu nikaona hamtagundua."

Wiki hiyo Mchungaji alikuja, nami nimebeba mkoba. Nilitandika kitambaa juu ya stuli, nikapanga vikombe. Mzee aliniangalia nikipanga, akanyanyua mkono wa kushoto.

"Mchungaji, na wewe sina neno. Nina neno na huyu Mama. Siwezi kula nikiwa na neno."

Mnaijua kanuni yetu. Wawili wenye kinyongo hawaendi Mezani hadi wapatane kwa maneno, mbele ya shahidi, na inawafunga wote wawili, aliyekosa na aliyekosewa. Niliomba msamaha pale pale, nimepiga magoti kwenye saruji. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni maneno, na umezoea kusema maneno," akasema. "Miezi kumi na moja nimelala hapa. Uje kila Alhamisi, miezi kumi na moja. Huo mkoba uache ofisini. Usihubiri. Ukimaliza tutaongea mambo ya Meza."

Mchungaji alikasirika, ingawa alingoja tufike njiani. Alinikumbusha kwamba sisi ni Walutheri, tunaokolewa kwa neema, si kwa kuhudhuria Alhamisi, na kwamba Mzee amenitungia kitubio kama cha zamani kabla ya matengenezo ya kanisa. Nilimwambia ana haki kabisa. Alhamisi iliyofuata nilikwenda.

Nyaboke alikuwa amehesabu kwenye kalenda ya duka la mbegu iliyoning'inia ukutani: Alhamisi arobaini na saba. Kila niliyomaliza aliitia alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu, bila huruma. Za kwanza zilikuwa ngumu. Nyaboke alikuwa kazini, mlango umerudishwa tu, mimi na Mzee tumekaa. Yeye aliangalia dirisha, mimi niliangalia mikono yangu. Nilikuwa nimeanza kulisoma jina lake Jumapili, la kwanza kabisa kwenye orodha, nikadhani atalitaja. Alhamisi ya tatu alilitaja.

"Umelisoma haraka," akasema.

Kanisani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mara moja kwa mwezi niliitandika Meza, nikapanga vikombe, kisha nikarudi kuketi na kuwatazama washarika wote wakipita kwenda mbele. Mwinjilisti aliyebaki kwenye benchi huonekana kuliko nguzo. Mwezi wa kwanza waliniangalia kwa huruma, wa pili kwa maswali, na wa tatu wakaacha kuniangalia. Wengine walisikia kuhusu Alhamisi na wakapata jibu lao wenyewe. Mama mmoja wa kwaya alinishika mkono, akanivuta kando akiwa na kicheko kinywani. "Mwinjilisti, tuambie mapema tushone sare za harusi." Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani nililia, si kwa sababu ya mzaha wake, bali kwa sababu mwaka mzima huo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amenishika mkono kwa sekunde nyingi hivyo. Nilikuwa mpweke, na ni heri niseme neno lenyewe.

Alhamisi ya saba au ya nane ndipo Mzee aliuliza swali lake la kwanza.

"Mama Jerusha. Mlimwombea mguu tangu mvua ile ya kwanza. Ulipona?"

Nilifikiri. Nilikuwa nimelisoma jina la Mama Jerusha mara nyingi mpaka lilikuwa linatoka lenyewe, kama anwani.

"Sijui, Mzee."

"Na yule kijana wa figo?"

"Alipelekwa hospitali. Baada ya hapo sijui."

"Festo?"

Sikujua habari za Festo. Mzee alifumba macho, nikadhani amechoka.

"Kila Jumapili ulisoma," akasema, "na mimi hapa sina kazi. Nikasema basi, jina langu halimo, wacha niwaombee hawa wenye majina. Wote nawajua kwa mpangilio. Niliamka nao, nikalala nao. Nataka kujua kama walipona. Si uwaulizie?"

Sijawahi kuaibika hivyo kazini, na nilikuwa na miaka ishirini na mitano katika kazi hiyo. Niliondoka na majina kumi na saba kichwani na kazi ya kufanya kabla ya Alhamisi.

Nilianza na Mama Jerusha. Mguu ulikuwa umepona, lakini hatoki, kwa sababu alipoanguka watu walicheka, na mwaka mzima hakuna aliyemwambia kwamba walikwisha kusahau. Nilimpelekea Mzee habari hizo. "Bado basi," akasema, "huyo bado mgonjwa." Festo nilimkuta akiuza kuku kando ya barabara, mzima wa afya.

"Festo! Si unaombewa?"

"Nilipona zamani, Mama," akasema, akiona haya kidogo. "Lakini nasikia bado mnanitaja. Nikaona si vizuri kuwakatiza."

Mzee alicheka kwa ile hadithi mpaka mate yakamtoka upande uliolegea, nikampangusa kwa leso yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa.

Kijana wa figo alikuwa amefariki. Amezikwa kwao, na tuliendelea kumwombea apone Jumapili tisa baada ya kuzikwa, mama yake akiwa ameketi nyuma anasikiliza. Hilo nilimwambia Mzee bila kulipamba. Akaniambia nirudi kwa huyo mama Jumatano, nisisubiri Alhamisi. Mwalimu mmoja mstaafu aliyeishi upande wa Chepkoilel nilimpata anazungumza na televisheni iliyozimwa. Bibi mwingine alikuwa amechukuliwa na mwanawe kwenda Sugoi, na safari hii niliuliza wapi hasa. Nilikwenda kwa miguu kutoka barabarani, nikipita mashamba ya mahindi, nikamkuta ameketi nje anachambua maharagwe na hakuna anayezungumza lugha yake katika nyumba nzima. Alinishika kiuno, hakuniachia mpaka chai ikapoa.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi yangu nikiwa nimebakiza chini ya mwaka mmoja wa kuifanya. Daftari nilianza kuliandika upya. Kwenye ile nafasi ndogo, neno moja halikutosha tena, nikawa nabandika karatasi. Anayenifuata ana orodha yote kwenye simu, na ni kijana mzuri, mwepesi. Alipoona karatasi zangu alisema, "Mama, relax, hii yote itaingia kwa system." Naomba iingie.

Mzee na mimi tulizoeana. Alinifundisha kusikiliza mashine ya posho kutoka mbali na kujua mkanda wake unakaribia kukatika. Nilimsomea gazeti, kurasa za mbio kwanza, maana alikuwa na wakimbiaji wake aliowafuata na wengine aliowachukia bila sababu. Kuhusu Meza hatukusema neno. Nilikuwa nimeanza kuhofia ile Alhamisi ya arobaini na saba, si kwa sababu angekataa, bali kwa sababu ingekuwa ya mwisho.

Baada ya Alhamisi ya arobaini alishikwa tena na stroke. Safari hii maneno yalikwenda. Nyaboke alihamisha mashine yake ya sweta kutoka mjini akaiweka chumbani ili awe karibu. Kwa siku kadhaa tulisikia mashine tu. Daktari wa hospitali alikuwa amesema tumrudishe nyumbani, na sote tulielewa alichomaanisha.

Alhamisi ya arobaini na moja nilimwita Mchungaji, nikachukua mkoba bila kuruhusiwa. Nilitandika kitambaa. Mchungaji ni mtu wa kanuni, na mimi nilikuwa nimemwambia asinihurumie.

"Mzee," akasema, ameinama, "Mwinjilisti alikukosea. Je, umemsamehe?"

Mzee alimtazama. Midomo ilijaribu, haikutoa kitu. Mchungaji aliuliza tena, polepole. Hakuna. Aliniangalia mimi, na niliona anavyoteseka, maana kanuni inataka maneno, na maneno hayakuwepo. Nikaanza kukunja kitambaa. Niliwaza kwamba atakufa akiwa na neno langu moyoni, na nitaishi nalo, na huo ndio utakuwa mwisho wa miaka yangu yote ya kubeba mkoba.

"Wacha kwanza," Mchungaji akasema. Alichukua mkate mmoja, akaubariki, akamsogezea Mzee kinywani.

Mkono wa kushoto wa Mzee ulitoka chini ya blanketi. Uliuchukua ule mkate kutoka vidole vya Mchungaji, na haukuupeleka kinywani. Uligeuka upande wangu. Alitumia nguvu zake zote kuufikisha, akaushika pale, mbele ya uso wangu, akingoja.

Mlei hamlishi mtu Meza ya Bwana. Mchungaji anajua hilo kuliko mimi. Aligeuka akaangalia dirishani.

Nilipiga magoti nikala kutoka mkononi mwake. Mkate ulikuwa umelowa jasho la vidole. Kisha Mchungaji akarudi, akachukua mwingine, akampa Mzee kwa kijiko pamoja na tone la divai. Mimi nilikwenda jikoni kwa Nyaboke kuosha vikombe, nikaviosha mpaka akanifungia bomba.

Mzee Ondieki alifariki Jumatatu. Tulimsindikiza Kisii, tukamzika karibu na wazazi wake, na nikaandika kwenye daftari neno la mwisho la mstari wake. Alhamisi baada ya mazishi nilikwenda kwa Nyaboke. Alifungua mlango akiwa na uzi shingoni, akashangaa.

"Mama. Umekuja?"

"Bado sita," nikasema.

Aliangalia kalenda, akaniangalia mimi. Kisha akaondoa marundo ya sweta kwenye kiti. Nilikaa naye Alhamisi zote sita, yeye akifuma, mimi nikimalizia vifungo, na kila moja aliitia mkasi mwekundu. Katikati ya hizo ndipo mliponiaga na kunipa saa. Kanuni ya kukaa mbali haikunizuia kwake, kwa sababu Nyaboke si msharika, na sidhani kama Wasabato wana kanuni kuhusu Walutheri waliostaafu. Alhamisi ya sita alitia mkasi wa mwisho, akafunika kalamu. "Sasa umemaliza," akasema. Nikasema ndiyo, nimemaliza. Tuliagana vizuri, kwa mkono.

Wiki iliyopita, Alhamisi, nilivaa viatu na koti, nikafika langoni kabla sijakumbuka kwamba hakuna anayeningoja popote. Nilisimama hapo. Jirani alipita akanisalimu, akauliza kama naenda mbali. Nilifikiria kurudi ndani. Halafu nikaenda.

Nyaboke alifungua kabla sijabisha. Macho yake yalikuwa mekundu, na mashine ilikuwa imezimwa.

"Nilifikiria leo hutakuja," akasema.